Mfumo Endeshi wa Kubebeka: Historia ya Kitu na Matatizo ya Istilahi Zake

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya jambo moja katika elimu ya kompyuta, yaani kuendesha mashine kwa mfumo endeshi uliomo ndani ya flashi ya mfukoni badala ya ule uliomo ndani ya mashine yenyewe. Na kutokana na historia hiyo, kuyapima maneno ambayo wafasiri na walimu wetu huyatumia wanapolieleza. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, chombo cha kuubebea mfumo huo kimebadilika mara kwa mara katika muda usiozidi miaka hamsini, hali kazi yenyewe imebaki ile ile. Kwa hiyo tunapata hapa mfano ulio wazi wa kuonyesha kwa nini istilahi hujengwa vema juu ya kazi ya kitu kuliko juu ya umbo lake. Pili, katika jambo hili neno lisilofaa halimwondolei msomaji ladha ya lugha tu, bali laweza kumpotezea kazi yake yote.

Na tukichukue kitenzi weka. Katika ofisi zetu mtu huambiwa "weka flashi", akaambiwa "weka faili kwenye flashi", na mwishowe akaambiwa "weka Linux kwenye kompyuta". Kauli ya kwanza ina maana ya kuchomeka; ya pili ina maana ya kuhifadhi; ya tatu ina maana ya kuupa mfumo mpya makao ya kudumu katika diski, tendo ambalo mara nyingi hufuta vyote vilivyokuwamo. Karani aliyepewa mwongozo unaomwagiza "kuweka mfumo" katika mashine, hali mwandishi wa asili alikusudia autumie kwa saa moja kutoka kwenye flashi na kisha auondoe, aweza kujikuta jioni hana rejista za mwaka mzima. Mashine hutii amri iliyopewa, wala haina njia ya kujua kwamba kosa lilikuwa la mfasiri.

Mashine huanzaje kazi

Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazosimamia mashine: hugawa kumbukumbu, hupokea herufi kutoka kwenye kibodi, husoma na kuandika diski, na huzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi zao. Bila ya mfumo huo kompyuta ni bati na nyaya tu.

Hapa pana fumbo ambalo liliwashughulisha wahandisi wa awali. Ili mashine ipakie programu kutoka kwenye diski, yahitaji programu ya kuiambia namna ya kusoma diski. Na programu hiyo itatoka wapi, ikiwa bado hakuna kilichopakiwa? Waingereza wana msemo wa mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, na kutokana na msemo huo waliliita tendo la kuianzisha kompyuta kwa jina la kiatu. Sisi hatuna msemo huo, wala hatuna haja ya kuuazima. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Ndani ya ubao mkuu wa mashine mna chipu yenye programu fupi isiyofutika umeme unapokatika. Mashine inapowashwa, programu hiyo hukagua vifaa, kisha hutazama orodha ya mahali panapoweza kuwa na mfumo endeshi: disketi, diski ngumu, sidii, flashi au mtandao. Mahali pa kwanza panapopatikana mfumo unaofaa ndipo mashine inapoukabidhi utawala.

Tungependa wasomaji waishike orodha hiyo, kwani historia yote inayofuata ni historia yake: nini kiliongezwa ndani yake, lini, na kwa sababu gani.

Mfumo ulipokuwa mkononi

Wengi hudhani kwamba kubeba mfumo endeshi mfukoni ni uvumbuzi wa karne ya 21. Sivyo. Disketi yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1971 kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kutumia disketi ya inchi 8, yenye uwezo wa kilobaiti 80 hivi, ili kupakia maagizo ya msingi katika mashine zake kubwa za aina ya System/370. Haikukusudiwa kuhifadhi barua wala hesabu za mtu yeyote. Ilikuwa ni njia ya kuipelekea mashine maagizo yake ya mwanzo kwa mkono wa fundi.

Kompyuta ndogo zilipoanza kuenea, desturi hiyo iliendelea. Mwaka 1974 Gary Kildall, wa jimbo la California, aliunda mfumo endeshi ulioitwa CP/M, nao ulisomwa kutoka kwenye disketi. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilipoitangaza kompyuta yake binafsi, mashine hiyo haikuwa na diski ngumu ndani. Mtumiaji alichomeka disketi yenye mfumo endeshi, akawasha, akasubiri, kisha aghalabu akaitoa disketi hiyo na kuingiza nyingine yenye programu ya kazi yake. Alipoondoka aliondoka na disketi zake. Mashine ilibaki mezani bila mfumo wowote, ikimngojea mwingine aje na wake.

Hali hiyo ilibadilika tarehe 8 Machi 1983, IBM ilipotoa aina ya XT iliyokuwa na diski ngumu ya megabaiti 10 ndani yake. Tangu hapo mfumo endeshi ulipata makao. Haukuletwa tena na mtumiaji, bali ulimkuta mtumiaji. Faida ilikuwa dhahiri: kasi iliongezeka na usumbufu wa kubadilisha disketi ukapungua. Walakini palikuwa na gharama. Mfumo ukawa wa mashine, na mtu akawa hana budi kurudi kwenye mashine ile ile ili kuyakuta mambo yake jinsi alivyoyaacha.

Katika Tanzania mageuzi hayo hayakushuhudiwa na wengi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kompyuta za mezani zilipokuja kuingia kwa wingi katika ofisi na vyuo, tayari zilikuwa na diski ngumu na mfumo ndani yake. Si ajabu, basi, kwamba katika matumizi yetu ya kila siku neno kompyuta na mfumo unaoiendesha viliungana vikawa kitu kimoja. Mwanafunzi husema "kompyuta imeharibika" hali mashine ni nzima na kilichoharibika ni mfumo peke yake. Kumwonyesha mfumo mwingine ukiiendesha mashine ile ile kutoka kwenye flashi ni njia bora kabisa ya kumfundisha tofauti hiyo.

Safari ya kurudi: sidii

Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo endeshi ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Linux. Muhimu kwa habari yetu ni leseni yake, ambayo tangu 1992 imemruhusu kila mtu kuunakili, kuubadilisha na kuugawa. Mfumo unaouzwa kwa hesabu ya mashine moja moja hauna sababu ya kusafiri; ambao kila mtu aruhusiwa kuunakili waweza kwenda popote.

Chombo cha kuubebea kilikuwa bado ni tatizo. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 ilichukua megabaiti 1.44 tu, ambapo sidii ilichukua zaidi ya megabaiti 600. Lakini programu ya ubao mkuu haikujua kuanzisha mashine kutoka kwenye sidii. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni ya kufanya hivyo, nayo ikapewa jina la El Torito. Inasimuliwa kwamba jina hilo ni la mkahawa mmoja wa California. Tunalitaja kwa sababu linawahusu wasomaji wetu: lugha zenye nguvu nazo hutoa majina ya kubahatisha, na mfasiri hana wajibu wa kutafuta maana mahali ambapo maana haikuwekwa.

Aliyelifanya jambo hili lijulikane sana ni mhandisi wa Kijerumani, Klaus Knopper, aliyetoa mwaka 2000 mfumo ulioitwa Knoppix. Sidii ya Knoppix ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 700, lakini kwa mbinu ya kubana data ilibeba programu za ukubwa wa gigabaiti 2 hivi. Sifa yake kubwa zaidi ilikuwa ni kuvitambua vifaa vya mashine yenyewe bila kumwuliza mtumiaji. Mtu aliweza kuichomeka katika kompyuta asiyoijua, akaiwasha, na baada ya muda mfupi akaona mbele yake ofisi kamili, hali diski ngumu haijaguswa. Mafundi waliipenda upesi, kwani mashine iliyokataa kuwaka kwa mfumo wake yenyewe iliweza kuwashwa kwa Knoppix na mafaili ya mwenyewe yakaokolewa.

Sidii ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Haikuandikika tena. Mtumiaji aliyeandika barua ilimbidi kuihifadhi kwingine, la sivyo ilipotea mashine ilipozimwa.

Flashi na tundu la USB

Chombo kilichoondoa upungufu huo kina wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni chipu iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, naye aliieleza mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1984. Aina yake inayotumika katika flashi ilifuata mwaka 1987. Chipu hii huhifadhi data bila umeme, na sehemu yake kubwa hufutika kwa mara moja. Mwenzake Masuoka, Shoji Ariizumi, aliona kwamba ufutaji huo wa ghafla ulifanana na mmweko wa taa ya kamera, na kutokana na hilo kifaa kikapata jina. Kwa hiyo jina la flashi halitokani na kasi ya kusoma wala na taa ndogo inayowaka kitu kinapochomekwa, kama baadhi ya walimu wanavyowaeleza wanafunzi. Latokana na namna ya kufuta.

Mzazi wa pili ni USB, yaani kanuni ya kuunganisha vifaa vya kila namna kwa tundu la aina moja. Ilitolewa Januari 1996 na kampuni saba, miongoni mwao Intel, IBM na Microsoft. Mwaka 2000 wazazi hao walikutana sokoni: Trek ya Singapore ilianza kuuza kifaa chake, na mwishoni mwa mwaka huo IBM ikauza kifaa kilichoundwa na M-Systems ya Israeli, chenye uwezo wa megabaiti 8. Uwezo huo waonekana mdogo leo, lakini ulizidi disketi zaidi ya mara tano.

Hata hivyo kuendesha mfumo endeshi kutoka kwenye flashi kulikawia, na sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni nafasi, ambayo iliongezeka mwaka hadi mwaka. Ya pili ni kasi. Kanuni ya awali ya USB ilipitisha megabiti 12 kwa sekunde, sawa na megabaiti 1.5, kwa kiwango hicho kusoma mfumo wa megabaiti 700 kungechukua karibu dakika nane hata kama hakuna kizuizi kingine. Kanuni ya pili, ya Aprili 2000, ilifikisha megabiti 480 kwa sekunde, na ya tatu, ya Novemba 2008, ikafikisha gigabiti 5. Sababu ya tatu ni ile orodha tuliyoitaja. Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na matundu ya USB, lakini programu ya ubao wao mkuu haikuhesabu flashi kuwa mahali pa kutafuta mfumo. Kadiri mashine mpya zilivyoingia, flashi iliingia katika orodha.

Mifumo iliyofuata ilikuwa na makusudio mbalimbali, na ni vema tuitofautishe. Puppy Linux, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, ilikusudiwa kuwa ndogo kiasi cha kupakiwa yote katika kumbukumbu ya mashine, hivyo kompyuta kuukuu ikapata uhai mpya. Mwaka 2009 shirika la Sugar Labs lilitoa katika flashi mazingira ya kujifunzia ya Sugar, yaliyoundwa awali kwa ajili ya kompyuta ndogo za watoto ambazo Rwanda nayo ilizigawa kwa wingi katika shule zake za msingi. Kusudio lilikuwa kwamba mtoto achukue masomo yake mfukoni na kuyafungua katika mashine yoyote atakayoikuta. Mwaka huo huo wa 2009 ulianza mfumo ambao sasa unaitwa Tails, uliokusudiwa usiache alama yoyote katika mashine na kupitisha mawasiliano yote katika mtandao wa siri wa Tor. Ulipata sifa mwaka 2014, ilipojulikana kwamba waandishi waliopokea nyaraka za Edward Snowden waliutumia. Microsoft nayo, mwaka 2012, ilitoa Windows To Go kwa ajili ya wafanyakazi wa makampuni, ikaiondoa katika toleo la Windows 10 la Mei 2020, kwa maelezo kwamba haikuweza kupokea masasisho makubwa na kwamba ilihitaji flashi za aina maalumu ambazo watengenezaji wengi hawakuzishughulikia tena.

Jinsi mfumo huo unavyofanya kazi

Mfasiri asiyeelewa kazi ya kitu hawezi kuchagua neno lake, kwa hiyo hatuna budi kueleza kwa ufupi. Katika mifumo mingi ya namna hii, flashi huwa na tabaka la chini lenye mfumo wenyewe, uliobanwa na usioandikika. Juu yake hutandazwa tabaka la pili, lililo tupu, ndani ya kumbukumbu ya mashine. Mtumiaji anapobadilisha kitu, badiliko huandikwa katika tabaka la juu, naye huona tabaka zote mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Mwalimu wa jiografia hufanya vivyo hivyo anapotandika karatasi angavu juu ya ramani na kuchora mipaka juu yake: darasa huona ramani yenye mipaka, lakini karatasi ikiondolewa ramani ni ile ile ya kwanza. Mashine inapozimwa, tabaka la juu hutoweka.

Mtumiaji anayetaka kazi yake isitoweke hutenga sehemu ya flashi iwe ya kudumu, na tabaka la juu likaandikwa humo. Hapo ndipo flashi ilipoishinda sidii. Lakini kila sehemu ya chipu ya flashi hustahimili idadi yenye kikomo ya kufutwa na kuandikwa upya, kwa hiyo mfumo unaoandika ovyo huichakaza mapema. Kadhalika, flashi iliyopotea imepotea na kila kilichomo. Asiyesimba kwa siri sehemu yake ya kudumu ameacha barua zake njiani.

Inafaa pia tuseme kisichowezekana. Mfumo wa kubebeka hukwepa virusi vilivyomo katika mfumo wa mashine, maana mfumo huo haukuamka. Hauwezi kukwepa kifaa kilichochomekwa kwa siri kwenye kibodi ili kunasa herufi, wala programu ya ubao mkuu iliyochezewa. Mwongozo unaoahidi "usalama kamili" umefasiriwa vibaya, au uliandikwa vibaya tangu mwanzo.

Maneno na mizigo yake

Sasa tunaweza kurudi kwenye maneno. Historia tuliyoieleza inaonyesha matendo matano yaliyo mbali mbali, na kila tendo lastahili kitenzi chake.

La kwanza ni kunakili faili. La pili ni kuandika taswira ya mfumo katika flashi, yaani kuipanga flashi yote upya ili mashine iweze kuanza kutoka humo. Haya mawili huchanganywa mno. Anayenakili faili la taswira ndani ya flashi, akaichomeka na kungoja mfumo utokee, ni kama aliyepeleka mchoro wa nyumba kiwanjani akatazamia kuhamia jioni. Aidha, kuandika taswira hufuta yote yaliyokuwa katika flashi, ambapo kunakili hakufuti. Mwongozo wowote wa Kiswahili usioitaja tofauti hiyo katika ukurasa wake wa kwanza utamdhuru mtu.

Tendo la tatu ni kuwasha na la nne ni kuanzisha. Kuwasha tumekurithi kutoka kwenye moto na taa, na kwa mashine kuna maana ya kuipa umeme. Kuanzisha ni kuukabidhi mfumo utawala wa mashine. Mashine yaweza kuwashwa isianze. Naye fundi anayeambiwa kwa simu kwamba "kompyuta haiwaki" atauliza habari za waya wa umeme, hali tatizo ni la diski. Kwa upakiaji wa programu katika kumbukumbu tunacho kitenzi kupakia, kilichotoka bandarini kwa watu wa majahazi, nacho kimekaa vizuri. Hakuna sababu ya kukiacha.

Tendo la tano ni kusakinisha. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na ndugu yake tunamjua sana: maskani. Kusakinisha mfumo ni kuufanya ukae, kuupa maskani katika diski. Wako wanaoandika "sanikisha", kwa kupindua sauti mbili. Tunaona si vizuri, kwani hapo uhusiano na maskani hupotea na neno hubaki bila ukoo. Likitumika kwa usahihi, neno sakinisha linaieleza tofauti yote tunayoitafuta. Mfumo uliosakinishwa ni mkaazi, na mkaazi hujenga na kubomoa. Mfumo wa kubebeka ni mgeni, nao hutumia nyumba bila kugusa kuta zake. Mwongozo ukisema "endesha kutoka kwenye flashi" unamkaribisha mgeni. Ukisema "sakinisha" unatoa hati ya nyumba. Ukisema "weka", hausemi lolote.

Yabaki majina ya kitu chenyewe. Wafasiri wengine wameiita mifumo hii "mifumo hai", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Jina hili halifai, kwani lamfanya msomaji adhani kwamba mfumo ulio katika diski umekufa. Wengine wamesema "mfumo wa mkononi", lakini "mkononi" imekwisha kuchukuliwa na simu. Sisi tunapendekeza mfumo endeshi wa kubebeka, maneno ambayo karani na mwanafunzi watayaelewa bila kamusi, na ambayo hayataji disketi, sidii wala flashi. Kwa chombo chenyewe tunaona neno flashi, ambalo umma umekwisha kulipokea, libaki. Na wanaopendelea diski mweko waelewe kwamba ndani ya kifaa hicho hamna diski inayozunguka.

Hatusemi haya kwa kudhani kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba mtu aweza kuandika barua kwa kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kukutana na lugha ya kigeni. Hali kadhalika, kompyuta mpakato ilipata jina lake kutokana na kitendo cha mama kumpakata mtoto, na leo hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Uwezo upo, kinachotakiwa ni uangalifu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mfumo endeshi ulianza ukiwa mkononi mwa mtumiaji, ukapata makao ndani ya mashine mwaka 1983, kisha ukarudi mkononi kwa sidii na kwa flashi. Tumeona pia kwamba katika kila hatua kazi ilikuwa moja: kuipa mashine utawala kutoka nje. Aliyeunda istilahi juu ya disketi ameachwa na wakati, na atakayeunda juu ya flashi ataachwa vile vile. Atakayeunda juu ya kazi atadumu.

Kwa walimu tunashauri kwamba, pale penye mashine chache na wanafunzi wengi, kila mwanafunzi aonyeshwe walau mara moja mashine ikianzishwa kutoka kwenye flashi, ili ajue kuwa mashine na mfumo ni vitu viwili. Kwa wafasiri tunashauri kwamba kitenzi weka kiondolewe kabisa katika miongozo ya kompyuta, na mahali pake patumike chomeka, hifadhi, nakili, andika au sakinisha, kulingana na tendo. Na kwa watumishi wa serikali, ambao aghalabu ndio wanaopokea miongozo hiyo ikiwa imekwisha kuchapwa, tunashauri kwamba kabla ya kutii neno "weka" katika ukurasa wowote, wamwulize aliyewapa: tunamkaribisha mgeni, au tunamhamishia mkaazi?